SEHEMU YA 9: SIMBA HAKUWA MVIVU

  

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na habari ya mtoto asiyeongezeka uzito. Naendelea nayo, ila leo naanzia mbali kidogo. Naanzia kwa mbwa. Najua mpo mnaotutania sisi watu wa Iringa kila likitajwa neno mbwa 😄 Watani zangu, leo naomba mnivumilie. Na wewe mwenye mtoto mchanga usiishie njiani, maana huko chini kuna mambo ya kumwangalia mwanao leo hii hii.

Nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu Kilolo. Baba aliletewa mtoto wa mbwa na rafiki yake aliyekuwa mlinzi kwenye shamba la miti kule Mafinga. Mama wa yule mbwa alikuwa German Shepherd, wale tunaowaita mbwa wa polisi, na baba yake ni hawa hawa wa kwetu. Jirani naye akachukua ndugu yake wa tumbo moja. Wa kwetu tukamwita Simba.

Simba alikuwa mzuri wa kuangalia, masikio yamesimama. Ila yule ndugu yake alikuwa anafukuza kuku kutwa nzima, wakati Simba akikimbia kidogo tu anakaa chini, ulimi nje, anahema. Baba akasema, "Nimeletewa mvivu." Jina likamkaa. Hata wageni wakija wanaambiwa huyo hapo ni mvivu, msimwogope.

Siku moja akiwa anacheza na sisi uwanjani akaanguka. Puu! Dakika haikupita akaamka, akajitikisa kama hakuna kitu. Bibi akasema ni kifafa. Jirani akasema kalishwa kitu. Baba akasema ni njaa, apewe ugali.

Baada ya muda bwana mifugo akaja kijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Tukapanga foleni pale ofisi ya kijiji, kila mtoto na mbwa wake kwenye kamba. Bwana mifugo alikuja na kijana mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Shingoni kavaa stetoskopu. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa karibu.

Nikamwamkia. "Shikamoo kaka. Mbwa wetu akikimbia anaanguka."

"Marahaba. Anaanguka vipi?"

Nikamweleza. Akachuchumaa, akamsikiliza Simba kifuani, upande wa kushoto, muda mrefu mpaka watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Halafu akanivalisha mimi kile chombo masikioni. Kwanza akaniwekea kwenye kifua cha yule mbwa wa jirani. Nikasikia du-du, du-du, safi kabisa. Kisha akakihamishia kwa Simba. Nikasikia shuuu. Shuuu-du, shuuu-du. Kama mtu anapuliza uji wa moto.

Akamwambia baba, "Mzee, huyu nadhani kazaliwa na tatizo la moyo. Njia ya damu kutoka kwenye moyo, pale chini ya valvu, ni nyembamba. Siwezi kuwa na uhakika bila kipimo cha picha, ila msimkimbize."

Baba akauliza dawa. Kijana akasema kuna vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, lakini kule kwenye wembamba havipanui. Baba akacheka kidogo, nadhani kwa aibu ya kuuliza dawa ya moyo ya mbwa mbele za watu. Tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nikawa namfunga Simba kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa sababu alipenda kunifuata. Miezi ikapita. Siku moja nilichelewa, nikasahau kumfunga. Niko mlimani nasikia anakuja nyuma yangu mbio, mkia juu, ana furaha. Akaanguka pale njiani, na safari hii hakuamka.

Baba alichimba shimo mwenyewe nyuma ya zizi. Alipomaliza akasimama, akasema, "Kumbe hakuwa mvivu." Basi, hakuongeza neno. Mimi nililia wiki nzima nikijua ni kamba yangu.

---

Sasa niwaeleze ule mlio, kwa sababu ndiyo kiini cha yote haya.

Moyo una valvu nne. Valvu ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: damu ipite, isirudi. Binadamu anazo nne, na mbwa anazo nne vilevile, zimekaa mpangilio mmoja. Ile du-du unayosikia ni milango ikijifunga.

Chukua bomba la kumwagilia bustani. Maji yakitiririka kawaida, kimya. Sasa bana mdomo wa bomba kwa kidole. Unasikia shiii, na maji yanaruka kwa nguvu. Moyo nao ni hivyo hivyo. Valvu ikiwa nyembamba, au haifungi vizuri, au kukiwa na tundu mahali pasipotakiwa, damu inapita kwa fujo na inatoa sauti. Na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila pigo, mchana na usiku, hata mtoto akiwa amelala. Nguvu inayotakiwa kujenga mwili inaishia kwenye kusukuma damu.

Mbwa wa aina fulani wanajulikana kwa hili. German Shepherd, Rottweiler, Boxer na Golden Retriever wanaongoza kwa ule wembamba wa chini ya valvu, kama ninavyoamini alikuwa nao Simba. Bulldog wao ni wembamba wa valvu ya kwenda kwenye mapafu. Linarithiwa kwenye ukoo, ndiyo maana madaktari wa mifugo wanashauri mbwa mwenye tatizo hili asizalishwe. Kama unanunua mtoto wa mbwa wa kizungu kwa bei kubwa, mwambie daktari wa mifugo amsikilize moyo kwanza.

Kwa watoto wetu, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, karibu 8 wanazaliwa na tatizo fulani la moyo. Liko dunia nzima hili, si la Afrika wala si la maskini. Fikiria hospitali inayozalisha akina mama 500 kwa mwezi. Hapo ni kama watoto wanne kila mwezi. Wengine tatizo lao ni dogo na linajifunga lenyewe. Wengine wanahitaji msaada mapema.

Wanaondoka wodini wakiwa wamefungwa vizuri kwenye blanketi, na hakuna aliyejua.

---

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Nilipomaliza diploma yangu ya uuguzi nilipangiwa kituo cha afya kimoja, sitakitaja. Nilikuwa mpya, nina haraka, kliniki ya watoto imejaa hadi nje. Akaja mama mdogo, miaka kama 19, na mtoto wa miezi mitatu. Kadi ya kliniki inaonyesha mstari wa uzito umelala. Akaniambia, "Sista, mtoto akinyonya anachoka. Ananyonya kidogo, anaachia, analowa jasho kichwani mpaka nabadilisha kitambaa." Na alikuwa ameshatibiwa nimonia mara mbili.

Nikamjibu nini? Nikamwambia, "Huyu mtoto wako ni mvivu tu wa kunyonya. Mkalishe vizuri, umbadilishie titi." Nikamwonyesha namna ya kumpakata. Nikaandika kwenye kadi, nikaita anayefuata.

Stetoskopu ilikuwa shingoni mwangu.

Yule mama hakurudi. Huenda alihama, huenda alienda kituo kingine akakutana na mtu makini kuliko mimi. Sijui mtoto aliishia wapi, na sitajua. Ile picha ilinirudia miezi kadhaa baadaye, usiku, niko zamu. Mvivu. Mimi, niliyezika mbwa kwa sababu ya neno hilo, nililitamka kwa mtoto wa mwenzangu.

Siwaambii haya ili mnionee huruma. Nawaambia kwa sababu kuna mama anasoma hapa ameambiwa maneno hayo hayo, na nesi au na mama mkwe, na amekubali.

---

Miaka ikasogea, nikahamia Mbeya. Zamu moja ya asubuhi akaingia bibi mmoja kutoka Rungwe, kamfunga mjukuu kwa kanga mbili kwa sababu ya baridi ya Tukuyu, mama wa mtoto yuko nyuma na mfuko. Mtoto ana miezi mitano. Nitamwita Tumaini. Jina si lake, na mama yake ameniruhusu kusimulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Tumeleta huyu. Hana homa, hana kuhara. Mvivu wa kunyonya tu."

Nilihisi mwili wote umepata baridi. Nikamwambia, "Bibi, naomba tumfungue kidogo." Tukatoa kanga. Mbavu zinaonekana, anahema haraka haraka. Alipoanza kulia nikaangalia midomo yake kwa ndani na ulimi. Rangi ilikuwa inaelekea zambarau. Nikamwekea kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, nikambana kwenye kidole gumba cha mguu. Namba ilikuwa chini. Nikaweka stetoskopu kifuani.

Shuuu-du. Shuuu-du.

Nikatoka kumwita daktari. Sikukimbia, ili nisimtishe mama, ila moyoni nilikuwa nakimbia.

Kipimo cha eko, ambacho ni altrasaundi ya moyo, kilionyesha valvu ya kwenda kwenye mapafu ni nyembamba sana. Vijani vyake vimegandana, damu inapenya kwenye kitundu kidogo. Daktari akawachorea kwenye karatasi. Mama Tumaini akauliza swali moja tu: "Nilikula nini?"

Mama zangu, hilo swali nimelisikia mara nyingi mno. Nilikula nini, nilibeba nini, nilimkosea nani. Baba wa mtoto anakaa kimya, ndugu wa mume wanaanza kutafuta historia ya ukoo. Daktari akamjibu vizuri sana: "Hukula kitu. Moyo wa mtoto unajijenga wiki za mwanzo kabisa, wengine hata hawajajua kama ni wajawazito."

Ni kweli. Mara nyingi sababu haijulikani. Yapo machache ambayo tunaweza kuyazuia na nitayataja, lakini kumlaumu mama hakujawahi kufungua valvu.

Akapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi hii ilianza kazi mwaka 2015. Kabla yake, watoto wengi wa namna hii ilibidi wapelekwe nje ya nchi, India na kwingineko, na waliosubiri zamu walikuwa wengi kuliko waliopata. Siku hizi sehemu kubwa inafanyika hapa hapa.

Safari ya Mbeya hadi Dar mnaijua. Makambako, Mafinga, mnapita Iringa, mnashuka Kitonga, mnaingia joto la Mikumi. Kwa mama mwenye mtoto wa moyo ni safari ndefu kuliko kilomita zake. Bibi aliuza ndizi na ng'ombe mmoja. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ikawasaidia kwenye upande wa gharama.

Tumaini hakupasuliwa kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa pajani hadi kwenye moyo. Mrija una puto dogo mwishoni. Likifika kwenye valvu linajazwa, linaisukuma ile milango iliyogandana ikaachana, halafu linanyonywa na kutolewa. Matibabu haya kwa watoto yalitangazwa mwaka 1982 na madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Leo yanafanyika hata kwa mbwa wenye tatizo hilo hilo kwenye nchi zenye hospitali kubwa za wanyama. Puto la aina moja, valvu moja.

---

Na hapa ndipo deni letu kwa mbwa linapoingia, maana kuna watu wataniuliza kwa nini nimeanza na Simba.

Hospitali hiyo hiyo ya Johns Hopkins, miaka ya 1940, kulikuwa na daktari wa watoto anaitwa Helen Taussig. Alikuwa anaona watoto wa rangi ya bluu wakifa mmoja mmoja. Akamwomba daktari wa upasuaji, Alfred Blalock, watafute namna ya kuongeza damu ya kwenda kwenye mapafu. Lakini aliyekaa maabara akaijaribu mishono yenyewe ni Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, mjukuu wa mtumwa. Alitaka kuwa daktari, akiba yake ya masomo ikapotea benki zilipoanguka. Kwa muda mrefu alilipwa mshahara wa mfagizi.

Thomas alifanya majaribio kwa mbwa karibu 200. Mmoja aliitwa Anna, ndiye wa kwanza kuishi muda mrefu baada ya upasuaji ule. Picha yake ya kuchorwa ikatundikwa pale Johns Hopkins.

Tarehe 29 Novemba 1944 wakamfanyia mtoto wa kwanza, Eileen Saxon. Blalock anashona, Thomas kasimama nyuma yake juu ya kigoda, anamwelekeza. Rangi ya mtoto ikabadilika. Eileen hakuishi muda mrefu, alifariki miezi kadhaa baadaye, lakini waliomfuata walikuwa maelfu. Thomas alikuja kupewa shahada ya heshima mwaka 1976.

Nilisoma habari hiyo usiku mmoja nikiwa zamu, nikamkumbuka yule kijana wa Sokoine aliyenivalisha stetoskopu mtoto wa darasa la tano mbele ya foleni. Sijui hata jina lake. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa moyo.

---

Haya, tufike kwenye ya nyumbani. Chukua mtoto wako, mwangalie.

MTOTO MCHANGA:
• Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, anarudi. Kunyonya kunakuwa kazi ndefu isiyoisha.
• Kichwa na paji la uso vinalowa jasho wakati wa kunyonya, hata siku ya baridi.
• Anahema haraka akiwa ametulia au amelala.
• Uzito hauongezeki kwenye kadi.
• Nimonia zinazojirudia.
• Ulimi, fizi na midomo kwa ndani vinakuwa bluu au zambarau. Watoto wetu ni weusi, usiangalie ngozi. Angalia ulimi.

MTOTO MKUBWA:
• Akicheza anachoka kabla ya wenzake.
• Akikimbia kidogo anachuchumaa mpaka apate nguvu.
• Anazimia akikimbia. Hili lisisubiri kesho.

Ukiona mojawapo, nenda kituoni na kadi yako. Sema hivi, bila kuogopa: "Naomba mumsikilize mwanangu moyo, na mumpime oksijeni." Si utovu wa adabu. Ukijibiwa kwamba mtoto ni mvivu, sema tena, kwa upole. Mtoto wa miezi mitatu hajui uvivu ni nini.

Ulimi ukiwa bluu, au anahema kwa shida, au amezimia, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na usiingie hofu kupita kiasi. Mlio peke yake si ugonjwa. Watoto wengi wazima kabisa wana mlio mdogo usio na madhara, na hata upungufu wa damu au homa unaweza kuuleta. Kipimo cha eko ndicho kinachotenganisha.

Kama huna fedha, ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaamua kurudi nyumbani. Wengi wanarudi bila kujua ofisi hiyo ipo mlango wa pili.

Kwa anayepanga ujauzito: sukari idhibitiwe mapema, pombe iachwe, usinywe dawa bila kuuliza. Na chanjo. Rubela ikimpata mama mimba ikiwa changa inaweza kuharibu moyo wa mtoto, ikiwemo valvu na mishipa ya kwenda kwenye mapafu. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, watoto wanapata wakiwa na miezi 9 na miezi 18. Unapomchanja binti yako leo unamlinda na mjukuu wako.

---

Tumaini ana miaka minne sasa. Bado anarudi kuangaliwa kila mwaka, maana valvu iliyofunguliwa inaweza kuanza kuvuja au kubana tena. Mara ya mwisho walipopita wodini bibi alinishika mikono miwili akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto ni mtundu kupita kiasi, anafukuza kuku wa jirani kutwa nzima, hataki kutulia.

Nikamwambia bibi, mwache afukuze. Kuku watalipwa 😄

Yule mama mdogo wa kile kituo cha kwanza, kama unasoma hapa: mtoto wako hakuwa mvivu. Nilikosea mimi. Nisamehe.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, Sehemu ya 10: mafindofindo yasiyotibiwa yanavyoweza kuharibu valvu za moyo wa mtoto aliyezaliwa mzima kabisa. Usiku mwema, na mumpitie mtoto ulimi kabla hajalala.